Mafuta ya Magunzi Kwenye Mashine ya Kusaga

Watu walimwita Baba Unga, maana nyusi zake zilikuwa nyeupe tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka nyuma ya nyumba. Injini ya mashine hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mke wake na watoto.

Mwaka huo injini ilitumia mafuta mapya. Yalitengenezwa kwa magunzi, yale yanayobaki mahindi yakishapukuchuliwa. Serikali ilitoa fedha za utafiti. Mtafiti, binti mmoja mpole, aliyaleta mwenyewe kwenye madumu ili yajaribiwe.

Kila alipokuja aliuliza, "Injini inaendeleaje, baba?"

"Nzuri kabisa, mwanangu!"

Nzuri wapi! Kila asubuhi ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikagoma kuwaka.

"Mbona humwambii?" mke wake aliuliza.

"Mgeni anakujulia hali, wewe umbwagie matatizo? Tena serikali ikisikia itakata fedha. Unataka mimi ndiye niue mradi?"

"Haya, mpe sifa. Injini ikifa tutasaga sifa hizo, tuwalishe watoto."

Siku moja mtafiti alifika akitabasamu. "Baba, kwa kuwa kwako yamefaa, kesho tunayapeleka kwenye jenereta ya zahanati hapo jirani. Umeme ukikatika, akina mama wajifungue penye mwanga."

 Mke wa Baba Unga alimtazama mumewe.

"Usipeleke, mwanangu," Baba Unga akasema. "Nimekudanganya."

Mtafiti alifungua chujio la mafuta. Lilikuwa limeziba kwa utando mweusi, mzito kama gundi.

"Jenereta ingezima mama yuko kitandani," alisema taratibu.

Baba Unga aliinamisha kichwa. "Sasa watawanyima fedha?"

"Huenda. Sijui. Lakini fedha za utafiti ni za kutafuta ukweli, baba, si za kununua sifa. Mafuta yakishindwa hapa, tunajua cha kurekebisha. Ukificha, turekebishe nini? Na kodi yako imo humo humo."

"Mwambie tena," mke alidakia. "Masikio yake yamejaa unga."

Mtafiti aliyachukua madumu yote. Alibadilisha chujio, injini ikarudi kwenye dizeli ya kawaida. Zahanati nayo ikabaki na mafuta yake ya zamani.

Fedha hazikukatwa. Wataalamu wa maabara waliyasafisha upya mafuta ya magunzi, wakayaleta tena. Yakashindwa tena. Safari hii Baba Unga alieleza yote: moshi ulitoka lini, ulikuwa na rangi gani, injini ilitetemeka vipi. Wakarudi kazini. Baada ya mavuno mengine injini iliwaka mara moja, chujio likabaki safi. Ndipo zahanati ikapelekewa mafuta hayo.

Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima. Jenereta ya zahanati ilinguruma. Baba Unga na mke wake walisimama uani, wakiisikiliza. Haikuzima. Kisha kikasikika kilio cha mtoto mchanga, na wote wawili wakashusha pumzi.