Kovu la Ndani

Fundi alikuwa anapinda suruali ya shule, tumbo lake la miezi saba likigusa meza ya cherehani. Mama mkwe wake alikaa kando, akichambua mboga.

"Huyu utamzaa hapa hapa nyumbani," alisema mama mkwe. "Yule wa kwanza walikupasua kwa haraka zao tu."

Fundi alicheka. Naye alitamani hivyo hivyo. Kovu lake lilikuwa dogo, la upana, chini ya kitovu.

Kliniki, daktari alilitazama. "Hili ni la ngozi. Na ndani, kwenye mji wa mimba, ulikatwa vipi?"

"Si hivyo hivyo?"

"Si lazima. Mara nyingi mji wa mimba hukatwa chini, kwa upana. Kovu hilo ni imara. Wengi wanaweza kujaribu kuzaa kawaida, hospitalini. Lakini mtoto akiwa amekaa vibaya, pengine hukatwa wima, juu kwenda chini. Kovu hilo linaweza kupasuka uchungu wa kuzaa ukianza. Mama na mtoto wanaweza kufa."

Alimpigia simu mwenzake aliyemzalisha Fundi mara ya kwanza. Alisikiliza, kisha akashusha simu.

"Ulikatwa wima."

Fundi alisimama kwa hasira. "Mimi nikibadilisha mshono wa gauni, namwambia mwenye gauni. Hili ni tumbo langu. Miaka yote hii mtu asinieleze?"

"Una haki ya kukasirika," daktari alisema. "Ulipaswa kuambiwa."

Mama mkwe aliposikia, alimshika Fundi mkono. "Na mimi ndiye niliyekuwa nakusukuma, mwanangu. Nitakusindikiza mwenyewe."

Fundi alipasuliwa kwa mpango, kabla uchungu haujaanza. Mtoto wa kike alitoka analia kwa nguvu.

Siku ya kuruhusiwa, Fundi aligoma kushuka kitandani. "Niitieni aliyenipasua. Siondoki bila kuelezwa."

Daktari wa upasuaji alikuja amekunja uso. "Safari hii nimekata chini, kwa upana. Lakini kovu la zamani bado lipo. Mimba nyingine pia, usisubiri uchungu."

"Mwambie na baba mtoto," alisema Fundi, akimwonyesha mumewe aliyesimama kando ya kitanda. "Polepole."

Daktari akarudia. Alipogeuka aondoke, mama wa kitanda cha jirani alimshika koti.

"Na mimi, daktari? Mimi ulinikata vipi?"