Kuku wa Tata Hakufika Kampala

Nina miaka thelathini na saba, sijaolewa, na nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka la pembejeo pale Suneka. Nimesoma katika gazeti hili mikasa ya wenzangu walioporwa waume na mashamba, nikawa najiambia wangu ni mdogo mno, watu watanicheka. Nani atalia kwa sababu ya kuku wa jiwe anayetoshea kiganjani? Lakini nimekaa na hasira hii karibu mwaka mzima na imenichosha. Acheni niitoe.

Baba yangu ni mchongaji wa mawe kule kijijini Tabaka. Kwetu Ugusii baba ni Tata, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Amechonga jiwe la Kisii tangu kabla sijazaliwa: sanamu za viboko, bakuli, vishikio vya mishumaa. Vitu vyake vilifungwa kwa majani makavu ya migomba, vikapangwa kwenye katoni, gari la mnunuzi likaja, vikaenda. Vilienda wapi? Hakuna aliyewahi kurudi kumwambia, mzee, kiboko chako kimekaa kwenye meza ya watu fulani. Alikuwa akilisema jambo hilo huku akicheka, ila mimi mwanawe nilijua halimchekeshi.

Halafu kiharusi kikamnyang'anya mkono wa kulia. Kitu cha mwisho alichokuwa amekimaliza ni kuku aliyelalia mayai, shingo imegeuka kushoto, na mshipa wa rangi ya waridi umepita katikati ya mgongo mweupe. Jiwe lenyewe ndilo lililokuwa na mshipa ule, yeye akauacha uonekane. Akanipa mimi. Alinisukumia tu mezani kwa mkono wa kushoto.

Sasa nimlete Rael. Tuliimba naye kwaya moja, sauti ya pili, miaka minane tukishirikiana kitabu kimoja cha nyimbo. Yeye alikuwa na kazi nzuri katika ofisi moja mjini Kisii, kazi ya kusafiri kila mara, na ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo wa visanduku.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu huficha visanduku mahali mahali duniani, huandika kwenye programu ya simu vilipo, na wengine huvitafuta. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo, unakirudisha. Vipo pia vitu vya kusafiri. Unafunga kibati chenye namba kwenye kitu chako, unakiacha kisandukuni, mchezaji mwingine anakibeba hadi kisanduku kingine, na kila anayekishika anaingiza ile namba kwenye programu. Wewe umekaa kwako unaona kwenye ramani kitu chako kinavyotembea.

Mnaona nilikokuwa naelekea? Siku Rael aliponipa kibati kama zawadi ya kuzaliwa kwangu, nilimfikiria Tata papo hapo. Kitu chake kimoja, angalau kimoja, atajua kimefika wapi!

Rael mwenyewe alinionya, nampa haki yake. Vibati huja viwili vyenye namba moja, cha pili ni cha akiba endapo cha kwanza kitapotea. Akaniambia wachezaji wa zamani hawatumi kitu wanachokipenda, wanatuma kinachofanana nacho. Nilimwona mwoga. Tata angefuatilia safari ya kuku wa mtu mwingine ili iweje?

Kwa hiyo tukamtoboa kuku tundu dogo mkiani la kupitisha uzi wa kibati, Tata amemshika kwa mkono wa kushoto na mimi nazungusha keekee. Jumamosi moja nikapanda mlima wa Manga, nikamweka kwenye kisanduku kilichofichwa katikati ya mawe, pale unapoona bonde lote chini. Kile kibati cha akiba nikamwachia Tata, akakitundika kwenye msumari ukutani, karibu na ramani ya Afrika Mashariki iliyotoka kwenye kalenda ya zamani.

Wiki ya pili Rael akamchukua. Nilifurahi sana... mikono ya nani ingekuwa salama kuliko ile? Aliandika kwamba atamwacha kisanduku cha Nakuru. Kuku akaonekana Nakuru. Baada ya siku chache Naivasha. Kisha Nairobi, kisha Arusha. Mwezi uliofuata, Kampala!

Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda Tabaka na habari mpya, naye Tata akachomeka pini kwenye ramani kwa ule mkono wa kushoto, polepole, ulimi umetoka nje kidogo. Wachongaji wenzake walikuja kuangalia. Nilimsikia akimwambia mmoja wao, "Huyu wangu anaandika barua." Sikuwa nimemwona baba yangu na furaha ile tangu augue.

Lakini kulikuwa na kitu kinanikera. Kuku alikuwa akipita tu. Hakuachwa popote. Kila mahali programu iliandika kwamba ametembelea kisanduku, halafu anabaki mikononi mwa Rael. Katika mchezo huu mtu akikaa na kitu cha mwenzake mwezi, miezi miwili, anaandikiwa ujumbe wa upole. Nikamwandikia wa upole: dada, tafadhali mwache mahali ili wengine nao wamchukue. Akajibu kwamba hajapata kisanduku kikubwa cha kumtosha. Kisanduku kikubwa! Kuku wa ukubwa wa kiberiti!

Tata naye akataka picha. Si picha ya ajabu, alitaka kumwona kuku wake akiwa Kampala, basi. Nikamwandikia Rael tena. Simu yake haikuwa na chaji siku ile. Nikamwandikia mara ya tatu. Atanitumia akifika ofisini. Mara ya nne alisoma, nikaona amesoma, akanyamaza. Jumapili tulikuwa tunasimama bega kwa bega tukiimba, na nikimgusia habari hiyo anakumbuka ghafla kwamba anamwahi mtu fulani getini.

Nilikuwa naenda kwa Tata mikono mitupu nikimwambia wiki ijayo, wiki ijayo. Mnajua inavyochosha kumwambia mzee mgonjwa wiki ijayo?

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikutana Keroka kwa mama mmoja aliyejifungua. Rael alikuja. Akaweka funguo zake mezani, akaingia ndani kumpakata mtoto. Nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya chai, macho yakatua kwenye zile funguo. Zilikuwa zimening'inia kwenye kibati. Nikakigeuza. Namba yangu!

Kuku hakuwepo. Kibati kitupu, na funguo za nyumba.

Sikupiga kelele, kulikuwa na mtoto mchanga. Nilimsubiri atoke, nikamwita nyuma ya nyumba karibu na zizi, nikamwonyesha. Rael alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la kanisani.

"Kuku alienda na mgeni, Nyaboke," akasema.

Nisimulie alivyonieleza. Bosi wake mkubwa alikuwa anaondoka Kisii, ofisi nzima imekusanyika, soda zimefunguliwa, na Rael ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa zawadi. Akasahau. Nanyi mnajua huku kwetu, mgeni haondoki Kisii bila jiwe. Awe mhubiri, awe mkaguzi, awe shemeji wa mtu, lazima abebe jiwe. Watu wanamtazama, na kwenye mkoba wake kuna jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kuliona. Akakata uzi wa kibati, akamfuta kuku na leso, akamkabidhi. Wakapiga makofi. Hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu amtoe Manga.

"Na Kampala?" nikamuuliza. "Na Arusha?"

"Kibati kilifika kweli. Nilikuwa nacho."

Kuna kitufe kwenye programu, ukikiwasha mara moja, kila kisanduku unachokipata kinajiandika kwamba kitu unachokibeba kimekitembelea. Rael alikuwa amekiwasha. Mwanzoni hakukumbuka kukizima, aliniambia. Baadaye akasikia kutoka kwangu mwenyewe, kwa kinywa changu hiki, jinsi Tata anavyochomeka pini. Akaona akikizima atamvunja mzee moyo. Akawa sasa anatafuta visanduku kwa makusudi, ili kuku aendelee kusafiri.

"Si ungeniambia tu siku ile ile?"

"Ningeanzia wapi? Mzee alikuwa ashafika Nakuru kwa ramani."

Nikamwuliza huyo bosi yuko wapi. Aliacha kazi, akahamia nje ya nchi, nambari yake haipatikani. Nimemwandikia barua pepe mbili kwa anwani aliyonipa Rael. Kimya mpaka leo.

Nilimkasirikia Rael sana. Nimeacha kusimama naye kwaya, nimehamia sauti ya kwanza ingawa sauti yangu haifiki huko. Lakini kama ningekuwa na la Rael peke yake, nisingeandika. Linalonikondesha ni nililolifanya mimi.

Ningekwenda Tabaka siku ile ile na kusema ukweli. Sikwenda. Nilijiambia, mzee atapata kiharusi kingine. Nikapita kwenye vibanda vya mawe mjini Kisii, nikatafuta hadi nikampata kuku anayelalia mayai, shingo kushoto, mweupe. Mshipa wa waridi hakuwa nao, basi nikatafuta upande usioonyesha mgongo. Nikamweka juu ya ukuta wa mawe nyuma ya duka letu, nikampiga picha, mbingu inaonekana. Hapo ni Kampala, nikasema. Nilijipongeza hata!

Jumapili nikampa Tata simu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Wazee wenzake wawili walikuwapo, wameletwa makusudi kuona picha. Akatazama muda mrefu mno.

"Huyu ni wa Nyakundi," akasema.

Nyakundi ni mchongaji wa chini kidogo ya kwetu. Sikujua hata kama anauza mjini.

"Jicho limetobolewa na msumari," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Mimi jicho nalitoa na ncha ya kisu. Mama, kuku wangu ako wapi?"

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Hajawahi kuniita hivyo akiwa amekasirika, na siku ile pia hakuwa amekasirika. Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamweleza yote mbele ya wale wazee: bosi, mkoba, leso, funguo, kitufe. Mmoja wa wazee alitaka kucheka, akaona uso wa Tata akaacha.

Tata akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe hata huyu."

Akainuka kwa fimbo yake, akaenda ukutani, akaanza kung'oa pini. Kampala. Arusha. Nairobi. Naivasha. Nakuru. Nilitaka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko. Pini moja ilianguka, akahangaika kuiokota kwa mkono ule mmoja, na hakuna aliyethubutu kuinama. Aliacha ya Manga peke yake. Manga nilimweka kwa mkono wangu mwenyewe, hiyo ndiyo aliyoiamini.

Jioni ile nilifungua programu nikaandika kwamba kuku amepotea. Ni kitufe kimoja tu. Ukurasa wake bado unaonyesha kilomita zote alizotembea, haziwezi kufutwa, na mgeni akiusoma atadhani ni kuku aliyeona dunia. Nikitazama kilomita zile nataka kuvunja simu.

Tata bado yuko hai, namshukuru Mungu. Anakula, anauliza habari za duka. Habari za kuku haulizi. Wale wenzake wakija wanakaa upande ule mwingine, wameipa ramani mgongo. Kibati cha akiba kipo kwenye msumari wake. Nilimwambia tukifunge kwenye kitu kingine tuanze upya, akanijibu hana kitu kingine.

Wasomaji wenzangu, ukishika kitu cha mtu kikakupotea, mwambie siku ile ile. Atakukasirikia, na hasira hiyo utaivumilia. Usimtengenezee safari. Usimpe mzee wa watu pini za kuchomeka. Nawe mwenye kitu, ukionywa utume kinachofanana, sikia! Ubishi wangu ndio uliomtoa kuku yule nyumbani. Na ukigundua umedanganywa, usichukue uongo wa mwenzako ukauendeleza kwa jina la huruma, kama nilivyofanya mimi. Baba yangu angeweza kumsamehe mgeni. Mimi alinitazama na picha ya kuku wa Nyakundi mkononi.

Bado nina ombi moja. Labda unasoma haya na kwenye rafu yako, au ya tajiri wako, au ya nyumba unayofanyia usafi, kuna kuku wa jiwe jeupe aliyelalia mayai. Mgeuze. Kama shingo inatazama kushoto, mgongoni amepita mshipa wa waridi, na mkiani ana tundu dogo lisilo na kazi, huyo ni wa Tata. Sitaki umrudishe, alipewa mtu kwa makofi, akae. Andika tu kwa gazeti hili jina la mahali alipo, hata kama ni sebule ya mtaa wa nyuma hapo Kisii.

Pini ninazo. Nimeziweka kwenye kopo la mbegu, chini ya kaunta.