Kipande cha Patasi

Kila siku baada ya shule, Kifaru na mdogo wake walifagia karakana ya baba yao, fundi wa milango na madirisha ya chuma. Sheria ya Baba ilikuwa moja: asiyevaa miwani ya kazi hagusi nyundo.

Jina la Kifaru alipewa shuleni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na ngumi zake zilikuwa zimeshang'oa meno ya wavulana wawili. Alilipenda jina hilo.

Siku hiyo mdogo wake aliegemea ufagio. "Kifaru wa hesabu! Sita kwa mia! Hata kifaru wa porini angepata saba."

"Rudia!"

"Sita!"

Kifaru alinyakua nyundo. Hakutaka kumpiga, alitaka atetemeke. Juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia vyuma, palikuwa na patasi kuukuu ya chuma, kichwa chake kimepondekapondeka. Akaishushia nyundo kwa nguvu zake zote. Mlio ukapasua masikio. Mdogo wake akapiga yowe na kuanguka chali, mikono usoni, damu ikichuruzika kati ya vidole.

Kifaru akamkalia kifuani, akamkaba ukosi. "Sema ni mpira. Ukitaja nyundo, nakung'oa meno yote."

Basi ukawa mpira. Zahanati walimpa dawa ya matone na kumfunika jicho. Siku ya pili likavimba. Siku ya tatu mtoto aliamka akigonga kichwa ukutani kwa maumivu. Upande ule alikuwa haoni ila giza.

Baba aliweka kikombe chini. "Nani alipiga huo mpira?"

Mdogo mtu alimtazama dada yake. Kifaru akataja jina la kwanza lililomjia. "Kipara, mtoto wa dobi."

Baba alitoka bila viatu, Kifaru nyuma yake. Uani kwa dobi, Kipara alikuwa akikamua shuka. Hakuwahi hata kuamkia. Kofi la kwanza lilimbwaga kwenye beseni, la pili likampasua mdomo. Povu likageuka jekundu.

"Mwachie mwanangu! We jirani, una wazimu?" Mama dobi alitoka na pasi ya mkaa, akaizungusha, ikamgonga Baba begani. Makaa yakatawanyika, shati likaanza kufuka moshi. Baba hata hakugeuka. Alikuwa amemkaba Kipara koo.

"Sijafanya kitu, baba," Kipara alikoroma. "Haki ya Mungu, sijafanya!"

Kifaru alikuwa ameona ugomvi mwingi, na mwingi aliuanzisha mwenyewe. Lakini huu ulitoka kinywani mwake, na macho ya Kipara yalikuwa yanamtoka. Akaurukia mkono wa baba yake, akaung'ata.

"Ni mimi! Hapakuwa na mpira! Niligonga patasi kwa nyundo!"

Vidole vya Baba vikalegea. Kifaru akafumba macho akisubiri kofi. Halikuja.

"Patasi?" Baba alijua chuma kilichopondeka hurusha vipande. Akakimbia nyumbani kumbeba mwanawe.

Katika hospitali kubwa, daktari bingwa wa macho alisimuliwa kisa chote, na aliposikia neno chuma akaagiza picha ya eksirei palepale. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele kilikuwa kimejichimbia ndani ya jicho na kuchana retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha.

"Zahanati walikuwa wanatibu pigo la mpira, kumbe kuna chuma ndani," alisema. "Upasuaji ni leo."

Ili kulipia, Baba aliuza mashine yake ya kuchomelea mchana uleule. Tangu hapo akawa kibarua wa kijana ambaye zamani yeye Baba ndiye alimfundisha kazi.

Daktari alikitoa kipande, akajaza gesi ndani ya jicho ili iukandamize utando mahali pake. Kwa siku kumi mgonjwa alipaswa kulala kifudifudi, usiku na mchana, paji la uso likiegemea kitambaa kilichofungwa ukingoni mwa kitanda. Kifaru alilala chali sakafuni, chini ya uso wake, akimsomea masomo.

"Sogea, mate yananitoka."

"Yaache tu."

Tone likamwangukia puani. Mdogo wake akacheka, kisha akashusha mkono na kumzaba kofi. "Hilo ni la kunikalia kifuani."

Kifaru alijifuta pua. "Lingine?"

"Mkono umechoka. Soma."

Jioni Kifaru alikwenda kumfulia mama dobi. Baba alikuwa ameshapiga magoti uani pale kuomba radhi, lakini mama dobi alimwonyesha Kifaru beseni la nguo. Kipara, mwenye nyuzi mdomoni, alimrushia shuka. "Kamua vizuri, muongo we."

Akakamua.

Gesi ilipokwisha jichoni, daktari alimfunika lile jicho jingine, akainua vidole. "Vingapi?"

"Vitatu!" Mtoto akaruka kitini. "Lakini pembeni kuna ukungu."

"Ukungu utaondoka?" Kifaru aliuliza.

Daktari alivuta kiti, akamkabili yeye. "Hapana, binti yangu. Ningeambiwa siku ile ile, pengine ningeliokoa jicho zima. Ukungu huo ni zile siku tatu ulizomfunga mdomo. Mkono wako ulikosea mara moja. Uongo wako ukaumiza kila saa, mpaka ukamfikia mtoto wa watu. Utakosea tena, sote tunakosea. Siku hiyo, kimbia ukaseme."

"Nitasema, Daktari."

Baba alikuwa akiitazama mikono yake. "Na mimi, niliyepiga kabla ya kuuliza?"

"Wewe, mzee, wanao wanakutazama," daktari alijibu. "Huyu binti alijifunza wapi ngumi?"

Baba akaificha mikono mifukoni.