Mvua Haina Tarehe

Binti yao walimpa jina la Chiriku tangu alipojua kusema, kwa sababu alipoanza hakunyamaza tena. Alisema akichota maji. Alisema akifagia. Hata akinywa uji, kikombe kikiwa mdomoni, ungesikia sauti yake ikivuma mle ndani kama nyuki mzingani. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, na watu wote walimwita mama yake Mama Chiriku na baba yake Baba Chiriku.

Kila asubuhi Mama Chiriku alikamua ng'ombe huku akimsikiliza. Siku hizi binti alirudia masomo yake kwa sauti: mito mikubwa, hesabu za sehemu, viungo vya mwili. Mama hakuelewa yote. Lakini alipenda kusikia, na mara nyingine alikamua polepole makusudi ili somo lisiishe.

Mwaka huo maziwa yalipungua mapema. Nyasi zilizokuwa zikifika magotini zilibaki vishina. Ng'ombe walirudi jioni matumbo yameshikana na migongo. Baba Chiriku aling'oa unyasi, akauvunja vidoleni, kisha akatazama vilima vya mbali. Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Baada ya siku nne wangehamia malisho ya milimani, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Wangerudi lini? Mvua ikinyesha. Ndivyo walivyosema baba zao na babu zao.

Chiriku alipoambiwa, alinyamaza. Hapo ndipo mama yake alipojua kwamba jambo ni zito.

Mama Chiriku aliketi nje akiosha vyombo vya maziwa, na mawazo yakamrudisha nyuma. Yeye naye aliwahi kusoma. Alifika darasa la nne. Shule yao ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na bati la juu lilikuwa na tundu. Jua lilipita pale likaweka duara la mwanga sakafuni, na duara lile lilitembea. Likifika kwenye viatu vya mwalimu, ulikuwa wakati wa mapumziko. Mwalimu alikuwa na saa mkononi, lakini watoto walitazama duara. Alikumbuka harufu ya chaki. Alikumbuka harufu ya vumbi lililomwagiwa maji asubuhi. Alimkumbuka jirani yake wa dawati, msichana mwenye pengo, aliyemwazima kifutio na hajakidai mpaka leo.

Kisha nyasi zikaisha, wakahama. Waliporudi, mvua ilikuwa imenyesha, na mtihani wa kupanda darasa ulikuwa umepita. Jina lake kitabuni lilikuwa limepigwa mstari. Mwalimu alimwambia kwa upole aanze tena mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika, wakahama tena. Hakuna mtu aliyemkataza kusoma. Shule ilimponyoka tu, kama kamba iliyolowa.

Kesho yake alikwenda kuwaaga wenzake wa chama cha kutunga shanga. Walikutana katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya shule. Palikuwa na meza ndefu, mabenchi mawili, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa shanga, kila kopo rangi yake. Chumba walipewa kwa msaada wa shirika moja dogo. Dogo kweli: watu wanne, ofisi moja mjini na pikipiki moja. Shirika liliisaidia shule, na liliwatafutia kina mama wanunuzi wa shanga zao. Aliyekuja kila wiki kwa pikipiki hiyo alikuwa binti mmoja mwembamba, ambaye siku zote alifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kina mama walimwita Dada Vumbi, naye aliitika.

"Leo Mama Chiriku katulia," mmoja alimchokoza. "Mtoto kaazima ulimi wako hajakurudishia?"

Wengine walicheka. Mama Chiriku alijaribu kucheka, akashindwa. Akasema wanahama, na Chiriku anakwenda nao. Shule wameshaiaga. Wamemwambia mwalimu kwamba mtoto atarudi mvua ikinyesha.

Dada Vumbi aliweka chini kopo la shanga za bluu.

"Mama, mvua itanyesha tarehe ngapi?"

Kicheko kilikwisha. Mama Chiriku alisema hakuna ajuaye hilo isipokuwa Mungu.

"Basi mwalimu ataandika nini kitabuni? Shule inakwenda kwa tarehe, mama yangu. Mvua haina tarehe."

Akamweleza polepole. Baada ya wiki mbili shule ingepeleka majina ya watahiniwa, yaani wanafunzi watakaofanya mtihani wa mwisho. Kila mtahiniwa lazima awepo mwenyewe. Lazima alete cheti cha kuzaliwa, akague taarifa zake, kisha atie sahihi. Asiyekuwepo siku hiyo anaachwa nje ya orodha, hata kama amesoma miaka saba bila kukosa.

Mama Chiriku alishangaa. Yeye alidhani jina likishaandikwa shuleni limeandikwa. Kwao ng'ombe akipigwa chapa, chapa haifutiki. Anaweza kupotea mwaka mzima, akapatikana mbali, na bado kila mtu akajua ni wa nani.

"Jina la shuleni si chapa," alisema Dada Vumbi. "Linataka kutunzwa. Ukihama bila kusema unarudi lini, mwalimu hajui kama mtoto ni wake au si wake."

Ndipo Mama Chiriku alipouelewa ule mstari uliopigwa juu ya jina lake zamani. Miaka yote alidhani mwalimu alimkasirikia.

Akauliza sasa afanye nini, maana ng'ombe hawawezi kungoja. Dada Vumbi alimkumbusha bweni jipya, lile la vyumba viwili kando ya shule. Mabati yake yalinunuliwa kwa shanga za kina mama hao hao. Lilijengwa kwa ajili ya wasichana ambao familia zao zinahama. Mama Chiriku alikuwa ametunga shanga za bweni lile, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mtoto wake angelala humo. Alidhani ni la watoto wasio na kwao.

Aliuliza maswali mengi. Nani analala na wasichana? Mama mmoja wa chama, kwa zamu ya wiki moja moja. Mwanamume anaweza kuingia? Hapana, na komeo liko kwa ndani. Akiugua? Zahanati iko karibu, na namba ya simu ya kila mzazi imeandikwa ukutani. Mambo ya kike je? Sabuni na pedi zipo, na mama wa zamu hawaachi waone aibu kuuliza.

"Na mdogo wake wa darasa la pili?" aliuliza tena. "Yule bado mchanga, siwezi kumwacha."

"Huyo mchukueni. Lakini msiondoke bila barua ya uhamisho. Mwalimu mkuu anaiandika bure. Mkifika milimani, ipelekeni shule iliyo karibu, atapokelewa siku hiyo hiyo. Mkirudi, mnaleta barua ya kule."

Mama Chiriku alirudi nyumbani akitembea haraka. Kazi ngumu ilikuwa bado mbele yake.

Baba Chiriku alikuwa zizini akikaza kamba za punda. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mkali. Lakini alisema watu watawacheka. Watasema wamemtupa binti yao ili waokoe ng'ombe. Mtoto wa kike huhama na mama yake, na hilo halina mjadala.

Mama Chiriku alichukua kamba upande wa pili akamsaidia kuivuta.

"Wale ndama wachanga wanakwenda wapi?"

"Wanabaki kisimani kwa shemeji. Si unajua."

"Kwa nini hatuwachukui?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Safari itawaua. Ndama hawezi mwendo ule."

"Na kuwaacha si kuwatupa?"

"Nani kasema kuwatupa? Nawaacha penye maji, kwa mtu ninayemwamini. Kufanya hivyo ndiko kuwatunza."

Mama Chiriku aliendelea kuvuta kamba. Baba Chiriku naye alivuta, akalegeza, akavuta tena. Punda aligeuza kichwa kuwatazama. Mwishowe mumewe alisema kwamba yeye hajakubali chochote, ila kesho atakwenda kuliona hilo komeo kwa macho yake.

Alikwenda kweli. Alilikagua bweni kama anavyokagua fahali mnadani. Alitikisa komeo mara tatu. Alipiga miguu ya vitanda kwa fimbo. Alichungulia pipa la maji, akanusa chungu cha maharage, akamuuliza mpishi kama watoto wanashiba. Mpishi, mama mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi walio kilima cha pili, alimjibu kwamba aketi ale, kisha aseme mwenyewe. Akala. Aliongezewa mara mbili.

Akatoka, akamwambia binti yake, "Utabaki."

Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya pili wiki ile, hakupata la kusema. Kisha maneno yakamjia yote kwa pamoja, na baba yake akakimbia akidai punda wanamngoja.

Kabla ya kuondoka walipita ofisini kwa mwalimu mkuu. Barua ya mdogo wake iliandikwa na kupigwa muhuri. Cheti cha kuzaliwa cha Chiriku kilikabidhiwa mama wa zamu. Wazazi walimwahidi binti kwamba watakuwa wamerudi siku moja kabla ya mtihani. Walipoulizwa tarehe, safari hii hawakutaja mvua. Dada Vumbi alihesabu siku kwenye kalenda, na Mama Chiriku akatunga shanga kwenye uzi: shanga moja kwa siku moja. Zilikuwa sitini na tatu. Ya mwisho ilikuwa nyekundu.

Milimani kulikuwa na nyasi na baridi. Mtoto mdogo alipokelewa shuleni kwa barua yake. Kila jioni Mama Chiriku alivua shanga moja. Wafugaji wenzao walimtania Baba Chiriku kwamba siku hizi anachungwa na uzi. Alijibu kwamba uzi hauumi kama mbwa wao. Baada ya wiki mbili simu ilipigwa: Chiriku ametia sahihi, jina lake liko kwenye orodha. Mama Chiriku aliomba aambiwe tena, kisha tena.

Shanga zilipobaki tatu, mbingu ilikuwa bado nyeupe. Hakukuwa na wingu hata la kusingizia. Watu walimwambia Baba Chiriku asiwe mwendawazimu, nani anateremka kabla ya mvua? Aliitazama mbingu kwa muda mrefu. Kisha akamkabidhi ndugu yake ng'ombe, akachukua fimbo yake, akateremka na mkewe na mtoto.

Walifika bwenini jioni ya siku waliyoahidi, wamejaa vumbi kumshinda Dada Vumbi mwenyewe. Chiriku aliwakimbilia. Alikuwa amenenepa kidogo. Kesho yake asubuhi aliingia kwenye chumba cha mtihani na kalamu mbili, na mama yake akaketi nje ya uzio mpaka alipotoka.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku kumi na tisa baadaye.

Matokeo yalipobandikwa, Chiriku alikuwa amefaulu. Alipata nafasi katika shule ya sekondari yenye bweni, mbali, na shirika lile dogo likamsaidia sare na godoro. Siku alipoondoka alizungumza mpaka gari lilipopinda kona. Kisha nyumba ikawa kimya. Mama Chiriku alikamua ng'ombe bila mito mikubwa na bila hesabu za sehemu. Alijua ndivyo alivyotaka iwe. Hata hivyo kulikuwa na asubuhi alizotamani binti awe bado na miaka saba, anahesabu kuku kwa kelele na kukosea.

Kiangazi kilichofuata, familia tano zilileta binti zao bwenini kabla ya kuhama. Safari hii Mama Chiriku hakuhama; alibaki kisimani na ndama, na wiki yake ya zamu ilipofika, akaenda na kitenge chake na mswaki. Asubuhi ya kwanza aliamka akakuta wasichana kumi na mmoja wakisukana nywele, wakigombania ndoo, wakisahihishana hesabu, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza. Kazi ya mama wa zamu ni kuwanyamazisha na kuwaharakisha.

Alisimama mlangoni. Kengele ilikuwa bado dakika chache. Akaketi kwenye kitanda cha karibu, akawaacha waongee.