Ukuta Uliogonga Alfajiri

Ndugu zangu wa jumuiya, na ninyi majirani wa dini zote mtakaosomewa haya, naomba mtulie mnisikilize. Haya yametokea nyumba ya pili kutoka kwangu, hapahapa Bariadi, na mengine niliyaona kwa macho yangu. Sitatia chumvi.

Nyumba ya Constantine ilikuwa na utulivu wa kuonewa wivu. Yeye ni mtumishi wa ofisi ya ushirika, na mkewe Elina anauza vitenge sokoni. Mwaka jana, baada ya mavuno ya pamba, Constantine alimleta mama yake mzazi, Mboje, kutoka Lalago. Magoti ya mama yalikuwa yamegoma, na daktari alisema yakandwe kwa maji ya moto kila siku. Ndipo Constantine akajenga boila, yaani pipa la chuma nene juu ya tanuri, nyuma ya nyumba, likiegemea ukuta wa chumba cha mama. Bomba zikaingia bafuni na jikoni. Ukifungua koki, maji ya moto yanakuja kwa nguvu kama ya hotelini.

Mboje ni mtu wa shamba, hajui kulala hadi jua litoke. Alikuwa anaamka kabla ya wote, anachochea tanuri kwa miti ya pamba iliyokauka, kisha anakaa hapo kwenye kigoda na rozari yake.

"Mwangaluka, mayu!" namsalimia kwa Kisukuma, umeamkaje mama, ninapofagia uwanja wangu.

"Mwangaluka, Mama Evaristo! Njoo uoge na wewe maji ya moto, uwe mzungu kabla hujafa!"

Tunacheka. Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki chache tu.

Kuna jambo lazima mlijue mapema. Fundi aliyeifunga boila hiyo ni Masele wa Binza, kule Maswa. Siku ya kuondoka alimwonyesha Constantine kipande cha bomba alichokiacha kimefungwa kifuniko.

"Bosi, kazi haijaisha. Hapa panakaa tangi dogo la presha, lile lenye mpira ndani. Maji yakipata moto yanavimba. Lazima yapate pa kuvimbia. Usiwashe mpaka nilete tangi kutoka Mwanza."

Constantine alicheka kwa dharau. "Tangi si lipo pale juu ya mnara? Ninyi mafundi mkishaona mtu ana nyumba ya bati jipya, kazi yenu haiishi."

"Lile ni la maji ya baridi, ngosha, mwanaume mwenzangu. Njiani nimeweka valvu isiyoruhusu maji ya moto yarudi huko."

"Nenda, Masele. Nikikuhitaji nitakupigia."

Hakumpigia. Boila ikawashwa kesho yake.

Mwezi haukwisha, maji yakaanza kudondoka chini, karibu na mlango wa nyuma wa Mboje. Yalitoka kwenye valvu ya usalama, kidude cha shaba kinachopumua presha ikizidi. Kilikuwa kinafanya kazi yake. Lakini Elina aliona unyevu tu, kila alfajiri, mahali palepale, mlangoni kwa mama mkwe.

Akaja kwangu na kitenge begani. "Mama Evaristo, wewe uko macho. Hujaona anamwaga nini pale mlangoni?"

"Simuoni akimwaga kitu."

"Anamwaga. Na macho yake umeyaangalia? Mekundu, kama ya mchawi."

"Amepikia kwenye moshi miaka sitini, Elina."

"Haya, mtetee."

Nilimtetea kwa mdomo. Lakini ndugu zangu, siku ile Mboje aliponiletea bakuli la karanga za kuchemsha, nilishukuru, na alipogeuka nikazimwaga shimoni. Mimi ninayeongoza rozari. Namuomba Mungu anisamehe. Shuku haibishi hodi, unashtukia imeshakaa mezani.

Constantine naye hakuamini mambo ya dawa mlangoni. Yeye alimshuku Masele. Alisema fundi ameweka valvu mbovu makusudi ili aitwe tena. Akachukua spana, akakitoa kile kidude cha shaba, akaziba tundu kwa plagi ya chuma. Matone yakakoma. Akajipongeza.

Hapo ndipo ukuta ulipoanza kugonga.

Ngo! Ngo! Ngo! Kila alfajiri, ndani ya ukuta wa Mboje, kisha bafuni, kisha jikoni. Vikombe vikatikisika kabatini. Elina akahesabu siku na saa, akaona jambo moja: mama mkwe akiamka, ukuta unagonga. Mama akirudi kulala, unanyamaza. Hakujiuliza mama anaamka kufanya nini. Aliyekuwa anawasha moto ni nani, kama si huyohuyo mama?

Akaenda kwa mtu anayepiga ramli, njia ya Mwanhuzi. Yule hakutaja jina. Wajanja hawa hawataji. Alimwambia tu, "Anayewasumbua ni yule anayetangulia wote kuamka." Elina akarudi analia. Constantine, msomi mzima, akabaki kimya, na kimya chake kikawa ndiyo.

Siku moja Mboje alilala kwangu, kwa sababu tulikuwa na novena, zile sala za siku tisa. Alfajiri Elina akawasha tanuri mwenyewe. Nikausikia ukuta hadi uwanjani kwangu. Nikavuka mbio.

"Elina! Mama yuko kwangu, amekaa na uji mkononi. Nani amegonga?"

Aliniangalia bila kupepesa. "Anatuma kutoka huko."

Nilichoka. Nikaona kwamba hata Mboje angefungwa kamba mbele yake, angepata jibu. Na ndipo aliponiambia, kama mtu anayesimulia habari za mvua: "Jumamosi anarudi Lalago. Nimeshampigia baba mdogo Jilala aje kumpokea. Nimemweleza na sababu."

"Umemweleza sababu? Kwa simu?"

"Ni ukweli, nifiche?"

Wanasimiyu wenzangu, mnajua maana ya mwanamke mzee kurudishwa kijijini na sababu ya namna hiyo. Wapo waliokatwa mapanga usiku. Jilala ni mdogo wa marehemu mume wa Mboje, na mdomo wake hauna mlango. Nikatafuta namba ya Masele.

"Masele, ile boila inagonga ukuta."

"Mliniita lini kufunga tangi?"

"Hakuna tangi."

"Valvu inadondosha maji?"

"Ilikuwa inadondosha. Constantine ameiziba."

"Mama, nakuja na pikipiki. Asiwashe mtu."

Nikakimbia kusema, na Elina akanijibu kwamba kesho mama anasafiri, lazima aoge. Masele alipofika, moto ulikuwa unawaka na Mboje, aliyekuwa amesharudi kwao, yuko kwenye kigoda chake, mgongo umeegemea ukuta. Masele akatazama mshale wa geji ya presha. Ulikuwa umepita alama nyekundu.

"Tokeni! Tokeni wote! Bibi, simama!"

Magoti yalikataa. Masele akambeba mgongoni kama gunia la pamba, akamtua kwangu, akarudi kuvuta miti iliyowaka kwa koleo. Elina akaja mbio na ndoo.

"Usimwage maji! Unataka chuma kipasuke tufe? Lete mchanga!"

Tukafukia moto kwa mchanga, tukasimama mbali hadi mchana, chuma kikipoa polepole. Constantine alitoka ofisini jasho likimtoka. Masele akamwonyesha plagi.

"Maji yamekosa pa kuvimbia, ndiyo yakawa yanagonga bomba. Hii ni bomu, bosi. Na umemweka mama yako kulichochea."

Siku iliyofuata alileta tangi, jekundu, dogo kama ndoo mbili. Akafunga maji ya baridi, akamwaga maji yote ya boila. Akalijaza tangi upepo kwa pampu ya baiskeli, akipima kwa geji ya matairi mpaka ukalingana na nguvu ya maji ya nyumba. Akalifunga kwenye lile bomba aliloliacha, upande wa maji ya baridi, akizungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba. Valvu ya shaba akairudisha mahali pake. Kisha akawasha moto.

Tukangoja. Maji yakachemka. Ukuta ukanyamaza.

Elina akapiga magoti mbele ya Mboje. "Mayu, nisamehe."

"Nimekusamehe, ng'wanone, mwanangu," akasema Mboje. "Mpigie Jilala. Mwambie ni bomba."

Akapiga papo hapo, sauti ikiwa wazi tukisikia wote. Jilala hakungoja amalize. "Mmechelewa. Vijana wameezua nyumba yake tangu jana jioni. Bati wamezitupa njiani, na mlango wameupasua. Asije huku, nawaambia, asije."

Mboje alikuwa anangoja magoti yapone arudi kwenye nyumba ile, aliyojenga na mumewe, na kaburi la mumewe liko nyuma yake. Hakulia. Aliuliza tu, "Na kaburi?" Jilala akakata simu.

Constantine alienda Lalago, akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza habari za presha na tangi. Watu wakamsikiliza. Mzee mmoja akamuuliza, "Na nani aliyekutia wazo la kujenga boila, kama si huyo mama yako?" Wakatikisa vichwa. Mboje yuko Bariadi hadi leo.

FUNZO

Shuku hupita haraka kuliko ukweli, na ikishafika haisikii maelezo. Constantine alimshuku fundi aliyesema kweli, mkewe akamshuku mama aliyewachemshia maji, na mimi nikamwaga chakula cha mtu mwema. Kila mmoja wetu aliona ana sababu.

Basi kitu kikiharibika nyumbani, ita mwenye ujuzi nacho, na akisema kazi haijaisha, msikilize. Valvu ya usalama usiizibe kamwe. Anayepiga ramli ya kugombanisha ndugu, mkimbie, hata kama ni wa ukoo wako. Na kabla hujashika simu kulisema jina la mama mzee, jiulize kama unaweza kwenda mwenyewe kuyarudisha maneno hayo nyumba kwa nyumba. Kama huwezi, nyamaza. Kule Lalago nyumba ile bado haina bati, na msimu wa mvua umeanza.