Mwiko na Mashine Iliyonguruma

Kwa miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Wanafunzi mia nne, masufuria matatu makubwa, na mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe. Ndiyo maana wanafunzi wakamwita Mwiko, na jina likamganda.

Sasa amestaafu. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yake wa pekee ni muuguzi katika nchi ya mbali, na anatarajia mtoto. Mwiko anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na viwili kati ya hivyo hata havifungui.

Tatizo ni kwamba mkono wake haujui kupika kidogo. Anajaza sufuria kubwa ya maharage, anakula sahani moja. Jioni anakula tena. Kesho yake anakula tena, mpaka yanachacha, anayamwaga. Akiyamwaga roho inamuuma, na hana wa kumwambia.

Kilichomfurahisha ni kimoja tu: simu ya video na binti yake, kila Jumapili saa tisa alasiri. Binti alimwachia laptopu kwa kazi hiyo. Ilikuwa ndogo, nyembamba.

"Hiki nacho ni kompyuta?" Mwiko alicheka. "Hiki ni kisahani!" Akakitumia kila Jumapili, lakini hakukiamini.

Siku moja ofisi ya mtaa wa pili ikawa inahama. Walikuwa wanagawa vyombo vya zamani bure. Karani wa ofisi akamwonyesha seva, mashine kubwa kama sanduku la nguo.

"Mzee, hii ina viini ishirini na vinne," karani alisema. "Laptopu yako haizidi vinne."

Mwiko akapiga hesabu yake ya jikoni. Ishirini na vinne kwa vinne! Nani angekataa? Akaibeba kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Karani akamfungia kioo, kamera ndogo na kipaza sauti. Laptopu ikafungwa kwenye shali ya marehemu mke wake, ikawekwa kabatini.

Jamani! Kuiwasha tu kulichukua dakika tano. Kisha feni zake zikaanza kunguruma, utadhani kuna mtu anasaga nafaka sebuleni. Na picha ya binti ikawa inakwamakwama.

"Hujambo, Mama!" Mwiko alisema Jumapili ile.

"Nini, baba?"

"Nasema HUJAMBO!"

"Baba, sikusikii. Nani anasaga hapo?"

Jumapili ya kwanza waliongea dakika ishirini. Ya pili, kumi. Ya tatu, tatu tu. Ya nne binti hakupiga. Alituma ujumbe: "Baba, leo nimechoka. Tuongee wiki ijayo." Mwiko akausoma mara tano, akaketi mbele ya mashine bila kuizima.

Niwaambie ukweli, maana yeye asingewaambia. Mwiko aliupenda ule mngurumo. Ulikuwa unajaza nyumba.

Jumanne ukaja ujumbe mwingine. "Baba, nimejifungua salama, mtoto wa kike. Jumapili nitakuonyesha. Nataka aisikie sauti ya babu yake."

Mwiko alifurahi mpaka akasimama. Kisha akaigeukia mashine, akashika kichwa. Mjukuu atasikia nini? Atasikia mngurumo.

Katika nyumba ya jirani aliishi mwanamke aliyetunza kompyuta za zahanati. Watu walimwita Fundi. Walitenganishwa na ukuta mmoja, lakini walikuwa hawajawahi kupita salamu za mlangoni. Mwiko alisitasita, kisha akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina mashine kubwa, ina nguvu, lakini imenitenga na binti yangu. Naomba uje uitazame."

Fundi alipoingia sebuleni alicheka. "Wee mzee! Hii ni seva! Unataka kuongea na mji mzima?"

"Nataka kuongea na mtu mmoja. Lakini ina viini ishirini na vinne."

"Sawa. Shuleni mlikuwa wapishi wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Basi sikiliza. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Viini ni wapishi waliomo ndani yake. Prosesa ya seva ina wapishi wengi. Mmoja mmoja hana haraka sana, lakini kwa pamoja wanahudumia mamia ya watu, usiku na mchana. Kumbukumbu zake nazo hujikagua. Kosa dogo likiingia, zinalisahihisha. Sasa, wapishi wengi wakiwasha moto, jikoni kunakuwaje?"

"Joto! Huwezi kukaa."

"Ndiyo kazi ya hizi feni. Na mita ya umeme?"

"Inakimbia kama imefukuzwa."

"Umeona? Prosesa ya laptopu ina wapishi wachache, lakini wepesi. Ukimwita mmoja anaruka, anamaliza, anakaa. Hivyo inatunza umeme wa betri. Tena ndani yake mna sehemu maalumu ya kushughulikia picha. Seva yako haina sehemu hiyo, ndiyo maana sura ya binti yako inakwama."

"Kumbe kile kisahani ndicho bora?"

"Hapana, mzee. Kipe kazi ya kuhudumia shule nzima mchana kutwa uone. Kitapata joto, kitapunguza mwendo chenyewe kisiungue, na watu watasubiri. Usiulize kwanza ipi ina nguvu. Uliza wanaokula ni wangapi."

Mwiko alitazama jikoni, kwenye sufuria kubwa.

"Mmoja," alisema. Hakuwa amelisema neno hilo kwa sauti tangu mazishi. "Mmoja tu."

Fundi hakucheka tena.

"Mwanangu," Mwiko akasema, "nikiizima hii, nyumba itakuwa kimya sana."

"Najua. Hata mimi nakaa peke yangu. Mngurumo wako nausikia ukutani. Nikiusikia, najua upo."

Mwiko akaenda kabatini, akaileta laptopu.

Fundi akaichaji. Akamwonya asiiweke kitandani wala juu ya shali, maana matundu yake yakizibwa haipumui. Iwe juu ya meza.

Ijumaa wakaipeleka seva kwenye ile shule ya bweni. Walimu wakaweka humo vitabu na masomo, na madarasa yote yakawa yanavifungua kwa wakati mmoja. Iliwekwa kwenye chumba cha peke yake, chenye hewa, ingurume itakavyo.

Jumapili saa tisa, binti alipiga. Picha ilikuwa safi.

"Baba? Mbona kimya hivyo? Upo?"

"Nipo, Mama. Nakusikia vizuri."

Binti akamsogeza mtoto kwenye kioo. Mtoto alikuwa analia. Mwiko, aliyepiga kelele mwezi mzima, akashusha sauti kabisa.

"Hujambo, mjukuu wangu. Mimi ndiye babu yako."

Mtoto akanyamaza. Mwiko akamsikia akipumua, pumzi ndogondogo, moja baada ya nyingine. Wakaongea saa nzima. Binti alilia kidogo, na baba yake alimsikia hata hilo.

Simu ilipokatika, nyumba ikawa kimya. Mwiko akaingia jikoni, akapanda kigoda, akashusha sufuria ndogo aliyoiacha mke wake. Akapima kikombe kimoja cha mchele. Akasimama akakitazama. Akaongeza kingine.

Kisha akagonga ukuta.

"Fundi! Umeshakula?"

Upande wa pili kiti kikasogezwa.

"Bado, mzee! Nakuja!"