Dripu ya Bibi Fortunata

Kila jioni, kabla ya kushika vitabu, Koleta alipanda hadi kwenye ndiva, bwawa dogo lililo juu kidogo ya shamba lao huko Chome, akafungulia mpira na kumwagilia maharage. Alipenda kuinua mdomo wa mpira kidogo kidogo mpaka ufikie usawa wa bwawa na maji yakate, kisha kuushusha yatiririke tena.

“Unachezea maji!” alimkemea baba yake mdogo, Loth. “Si ulisema utakuwa daktari? Fizikia ya nini? Mwakani ukiingia kidato cha tatu uiache, ushike bayolojia.”

Moyo ulimuuma Koleta. Alitaka kutibu watu, na fizikia aliipenda mno. Aache kipi?

Wiki hiyohiyo bibi yake, Fortunata, alihara na kutapika hadi akashindwa kuinuka. Mwamvita, muuguzi wa zahanati, alimtundikia dripu na kuagiza apelekwe hospitali ya Same haraka. Mvua ilikuwa imekata barabara, hivyo gari lilisubiri ng'ambo ya kijito. Majirani wakambeba bibi kwa machela, kama ilivyo desturi yao. Koleta akakabidhiwa chupa ya dripu.

Kijitoni wabebaji waliinua machela juu ya mabega ili bibi asilowe. Mwamvita alikuwa bado nyuma, akiteremka na mkoba wa dawa kwenye utelezi. Ghafla Koleta akaona damu ya bibi ikipanda ndani ya mrija.

“Anaishiwa damu! Chomoa sindano!” Loth, aliyekuwa akitangulia na fimbo kupima kina cha maji, alipiga kelele, akanyoosha mkono.

“Usichomoe, baba!” Koleta alikuwa analia. Bibi akifa, yeye Koleta atawaambia watu nini? Akatazama mkono wa bibi, akatazama chupa, akakumbuka mpira wa shambani. “Chupa iko chini ya mkono wake! Nipe fimbo yako!”

Akaining'iniza chupa kwenye ncha ya fimbo na kuiinua juu kabisa. Wote walisimama kwenye maji ya baridi wakiutazama mrija. Damu ilisita, kisha ikaanza kurudi polepole. Matone yakadondoka tena.

Mwamvita alifika akihema, akakagua sindano na mrija.

“Nimekosea, nesi?” Koleta aliuliza kwa hofu.

“Hujakosea. Mimi ndiye niliyesahau kuwaambia kwamba machela ikiinuliwa, na chupa iinuliwe.”

Siku bibi aliporuhusiwa kutoka hospitali, Mwamvita alikuja nyumbani kumjulia hali. Koleta alimsimulia habari ya mpira na ya kuambiwa aache fizikia, naye akamgeukia Loth.

“Dripu inashuka kama maji ya ndiva yenu. Eksirei, mashine ya oksijeni, mionzi ya kutibu saratani, vyote hivyo ni fizikia. Wapo wanaoisomea ili wahudumie wagonjwa, na daktari naye anaihitaji. Usimlazimishe mtoto kuacha kimoja. Na wewe Koleta, unachokipenda kisome kwa bidii, hakitakosa kumfaa mtu.”

Jioni ile Loth alimfuata Koleta shambani, akaushika mpira mwenyewe.

“Hebu nioneshe, mwanangu,” alisema. “Maji yanakatia wapi?”